Kufundisha bafu za Warumi kwa udongo wa kichuguu

Mwalimu mwenzangu, usianzie ubaoni. Miaka yangu ya mwanzo hapa Mtwara niliandika "hipokausto", yaani sakafu ya Warumi iliyopashwa joto kwa moto wa chini yake, watoto wakanakili, hakuna aliyeuliza kitu. Siku nilipowasha moto chini ya sakafu ya udongo, maswali yalinizidi.

Ndoo mbili za udongo wa kichuguu zinatosha. Ukande na nyasi kavu zilizokatwakatwa, kisha wanafunzi wafinyange nguzo 20 zenye urefu wa kidole cha shahada. Zikauke kivulini siku nne. Mwaka jana tuliharakisha tukazianika juani, zikapasuka.

Zipange kwa mistari, ulaze juu yake vipande vya tailizi, mabaki tu ya fundi. Zungushia ukuta wa udongo, uache mdomo wa moto upande mmoja. Ukuta wa upande wa pili chomeka mabua ya majani ya mpapai yakiwa wima, uyachomoe udongo ukianza kushika. Matundu yanayobaki ndiyo dohani. Warumi walijengea vigae vyenye uwazi ndani ya kuta, moshi ukapanda humo na kupasha ukuta mzima.

Washa vifuu vya nazi. Maganda ya korosho tunayo tele, lakini usiyaguse: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unachoma macho.

Sasa mtoto aguse tailizi ya karibu na moto, upesi, halafu asogeze kiganja kuelekea dohani. Hapo ndipo umpe majina: kaldario, chumba cha joto kali, tepidario, cha vuguvugu, frijidario, cha baridi, kisichofikiwa na moto.

Wataondoka wakidhani maji yote yalichemshwa kwa kuni, kwa hiyo sahihisha mapema. Bath, mji wa Uingereza ambao Warumi waliuita Aquae Sulis, chemchemi yenyewe inatoa maji ya nyuzi joto 46, zaidi ya lita 1,000,000 kwa siku. Bwawa kubwa, kina mita 1.6, lililotandikwa mabamba ya madini ya risasi, lilijazwa na chemchemi hiyo. Moto wa chini ya sakafu ulikuwa wa vyumba vya pembeni.

Malizia na wizi. Chemchemini humo vimeokotwa vibati vya risasi vyenye maandishi kama 130, vingi ni vya watu walioibiwa, wakimwomba mungu wa kike Sulis Minerva amwadhibu mwizi. Mmoja wao, Docilianus, alilalamikia joho lake. Wape wanafunzi jani la mgomba na mwiba, kila mmoja aandike shtaka lake. Msichana mmoja aliandika kuhusu kandambili zake zilizopotea ufukweni, akalikunja jani kama walivyokunja Warumi, akalitumbukiza kwenye ndoo bila kumwonyesha mtu.