Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Eko Kabla ya Upasuaji wa Vali ya Moyo

Mgonjwa wa vali anayetoka Lamu kwa rufaa ya Mombasa au Nairobi huvuka bahari hadi Mokowe, upande wa bara, akiwa na bahasha ya ripoti ya eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, na jamaa aliyefuatana naye ndiye atakayeulizwa na walioachwa nyumbani kama upasuaji utafaulu. Ripoti haitoi ahadi, lakini hueleza hali ya moyo utakaopasuliwa, na hali hiyo huathiri sana maisha ya baadaye.

Tafuteni kwanza herufi EF. Hiyo ni asilimia ya damu inayosukumwa na chumba cha chini cha kushoto kila moyo unapopiga, na kwa mtu mwenye afya huwa takriban 55 hadi 70. Hapa ndipo wengi hufarijika mapema. Vali ya mitrali, iliyo kati ya chumba hicho na chumba cha juu cha kushoto, ikivuja sana, sehemu ya damu hiyo hurudi kwenye chumba cha juu, ambako shinikizo ni dogo, hivyo hata moyo uliokwisha kuchoka huonyesha asilimia nzuri. Vali ikishatengenezwa, njia hiyo nyepesi hufungwa na EF kwa kawaida hushuka. Kwa sababu hiyo miongozo ya Marekani ya 2020 hushauri upasuaji pale EF inapofika 60 au chini yake, au upana wa chumba cha chini cha kushoto kinapojikaza, ulioandikwa LVESD au LVIDs, unapofika milimita 40, hata kama mgonjwa hana dalili. Kwa mgonjwa huyu, 58 ni onyo, na kungoja ishuke zaidi ni kupoteza nguvu ambayo huenda isirudi.

Vali ya aota, ambayo damu hupitia kutoka moyoni kwenda mwilini, ikivuja ina mipaka yake: EF ya 55 au chini, au upana huo ukizidi milimita 50. Vali hiyo hiyo ikiwa imekaza, yaani haifunguki vya kutosha, mambo hubadilika, kwani EF iliyoshuka kwa sababu ya mzigo mara nyingi hupanda baada ya vali kubadilishwa. Msikate tamaa kwa namba hiyo peke yake.

Mitrali iliyokaza, ambayo kwetu mara nyingi hutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, huumiza zaidi mapafu na upande wa kulia wa moyo. Angalieni shinikizo la mishipa ya mapafu, na TAPSE, kipimo cha jinsi upande wa kulia unavyojikaza, ambacho kikiwa chini ya milimita 17 huashiria upande wa kulia umedhoofika.

Namba hizo zisomwe pamoja na mwenendo wa mgonjwa. Anayeishi orofani katika nyumba ya mtaa wa Mkomani, Lamu, anaweza kuacha kupanda darini polepole, kisha akamwambia daktari kwamba hana shida yoyote. Mwulizeni alikuwa akipumzika mara ngapi kwenye ngazi mwaka uliopita, na sasa je.

Chukueni pia ripoti za zamani, kisha mwulizeni daktari mpasuaji kama vali itatengenezwa au itabadilishwa, na hesabu ya EuroSCORE II inasemaje. Hesabu hiyo hukadiria hatari ya kufariki hospitalini, basi mwombeni aeleze kando anatarajia EF iwe ngapi baada ya miezi kadhaa.