Preseti ya kuazima: anza na tresholdi

Ukipewa na prodyuza mwenzako preseti (mipangilio iliyohifadhiwa) ya kompresa, kifaa kinachobana sauti inapozidi kiwango fulani, usikimbilie kuihukumu. Piga kiitikio, pale wimbo unapopaa zaidi, kisha sogeza tresholdi peke yake, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka kompresa huanza kubana, mpaka mita ioneshe sauti inapungua kama desibeli 2 au 3. Halafu rekebisha autiputi (nguvu ya sauti inayotoka) ili ukizima na kuwasha kompresa, ukubwa wa sauti ubaki uleule. Sikio hudanganyika, kinachopiga kwa nguvu hulionekea kizuri.

Sababu ni kwamba preseti hubeba namba tu. Mwenzako aliweka tresholdi kwenye desibeli -18 kwa sauti aliyoirekodi kwa kiwango chake. Yako ikiwa inafika -20, kompresa imelala. Ikigonga -3, inabanwa mwanzo mpaka mwisho, na wewe unalaumu preseti ya watu!

Hapa pana mtego: tempo. Kwenye singeli ya BPM 200 (mapigo 200 kwa dakika), pigo moja ni milisekunde 300. Rilizi (muda wa kompresa kuachia sauti) ya milisekunde 400 iliyotoka kwenye wimbo wa polepole haitakuwa imeachia kabla kiki (ngoma nzito ya chini) inayofuata haijaingia, kwa hiyo ifupishe.

Kwa preseti za ikwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti za chini, kati na juu, mbinu hii haifui dafu. Aliyekata hezi 300 alikuwa anatibu chumba chake au koo la msanii wake. Na preseti ya kumasta (kumalizia wimbo mzima) ndiyo kabisa: kiki ikiwa inameza besi, rudi kwenye miksi, unakopanga kila sauti peke yake.