Kuona seli ya kitunguu kwa macho yako mwenyewe, bila kudanganywa na viputo

Juma lililopita mpwa wangu alinifikia hapa Kadutu na daftari la biolojia kwapani. "Mjomba, seli nimeikariri yote, lakini mwalimu amesema Jumatatu tutaiangalia kwa mikroskopi. Sasa nitaona nini?" Nikafungua daftari. Mchoro mzuri kabisa, umenakiliwa ubaoni: duara, kiini katikati, pembeni vijisoseji viwili vyenye mikunjo ndani, ndiyo mitokondria yenyewe. Nikamwambia kwamba karibu nusu ya alivyochora hatavikuta. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

Kutayarisha maabara za shule ndiyo kazi yangu hapa Bukavu, na mambo haya nimeyarudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Haya ndiyo tuliyofanya jioni ile, pamoja na lile lililonitesa mimi zamani.

Hatua ya 1: Vifaa

Tafuta kitunguu chekundu kigumu, kisichonyauka. Cha Nyawera au cha soko la Kadutu ni sawa tu. Ongeza wembe mpya, pinseti, kioo kirefu (lamu) na kile kidogo chembamba cha kufunikia (lamela), bomba la sindano bila sindano yake, sindano ya kushonea, karatasi ya chooni, na iodini ya kahawia ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Iodini ichanganye na maji mpaka ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa. Ikikolea, kila kitu kitakuwa kahawia na hutatofautisha chochote.

Kuhusu hadubini, wengi wanasifu zenye taa. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua nachukua ya kioo cha kuakisi mwanga, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu haumwombi mtu ruhusa kabla ya kuondoka. Iweke karibu na dirisha, kioo ukielekeze kwenye anga jeupe. USIKIELEKEZE KWENYE JUA. Mwanga wa jua ukipita mle ndani unaweza kukuharibia jicho, na jicho halina spea.

Hatua ya 2: Kubandua ngozi

Kata kitunguu mara nne, chomoa tabaka moja nene. Upande wake wa ndani, ule uliobonyea, una ngozi nyembamba inayong'aa kama nailoni. Chora juu yake mraba wa nusu sentimita kwa wembe, shika kona kwa pinseti, vuta taratibu. Maganda makavu ya nje hayafai kwa kazi hii.

Hatua ya 3: Kufunika kwa lamela

Hapa ndipo watu wanapopotea, nami nilipotea kabla yao.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa alasiri nzima kwenye hadubini nikachora "seli" zaidi ya thelathini. Zote duara, zote na ukuta mnene mweusi, katikati zinang'aa kama shilingi mpya. Nikazitia majina: ukuta, saitoplazimu (uteute ulio ndani ya seli), kila kitu. Mwalimu alitazama mchoro, akatazama kwenye hadubini, akacheka mpaka akakaa. Nilikuwa nimechora hewa. Na mpwa wangu, pamoja na kuonywa, alipoinamia hadubini mara ya kwanza alipiga kelele: "Mjomba, nimeziona! Ziko nyingi!" Viputo tena.

Kwa hiyo soma sehemu hii polepole.

Weka tone moja la maji katikati ya lamu. Tone hasa, si unyevunyevu. Tandaza ngozi ndani ya maji ukitumia ncha ya sindano. Ikijikunja, ikunjue, kwa sababu kila mkunjo unaficha hewa. Sasa shika lamela kwa kingo zake, isimamishe kwa mshazari, ukingo wa chini uguse maji kwanza. Subiri maji yatambae kwenye ukingo huo. Kisha tegemeza upande wa juu kwa sindano na ushushe, ushushe, kama unayemlaza mtoto asiamke. Ukiidondosha bapa, hewa inakosa njia ya kutokea.

Viputo vikiingia hata hivyo, usibonyeze kwa kidole. Lamela itavunjika na wewe utajikata. Weka tone la maji kwenye ukingo mmoja, gusisha karatasi ya chooni kwenye ukingo wa pili: karatasi inanyonya, maji yanapita chini na kuburura hewa. Vikibaki viwili vitatu, sogeza lamu utazame mahali pengine. Vikijaa kote, fungua uanze upya. Kubishana navyo ni kupoteza muda, nimeshajaribu.

Utavitambuaje? Kiputo ni duara kamili, na ukingo wake ni mweusi na mnene, kwa sababu mwanga unaotoka kwenye maji na kuingia kwenye hewa unapinda, ule wa pembeni haulifikii jicho lako. Zungusha skrubu ya kulenga: weusi ule unanenepa na kukonda. Vikubwa na vidogo vimechanganyika ovyo, na iodini haivipaki rangi. Seli za kitunguu zimeshikana kama matofali yaliyojengwa na fundi mwenye haraka: ndefu, ukubwa unakaribiana, kila moja imepakana na jirani yake, mistari yake ni myembamba. Ukiona kitu kimekaa peke yake kama kisiwa ziwani, kitilie shaka.

Kuna mdanganyifu wa pili, vumbi. Zungusha lenzi ya jicho: doa likizunguka nalo, uchafu uko hapo. Sogeza lamu: doa likisogea, liko kwenye lamu. Likikataa yote mawili, futa lenzi ya chini kwa kitambaa laini, si kwa shati.

Hatua ya 4: Kulenga

Anza na lenzi fupi ya 4, halafu 10, halafu 40. Lenzi ya jicho kwa kawaida ni 10, kwa hiyo ukuzaji ni mara 40, 100, kisha 400. Ukifika kwenye lenzi ya 40 tumia skrubu ndogo tu.

Hatua ya 5: Kupaka rangi na kusoma unachokiona

Pitisha iodini chini ya lamela kwa ule ujanja wa karatasi. Ngoja dakika mbili.

Mistari inayogawa "matofali" ni ukuta wa seli, uliojengwa kwa selulosi, nao ndio unaoipa seli umbo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gome kavu la mti, akaona vijumba vitupu, akaviita kwa neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Alichokiona kilikuwa kuta tu, wenye nyumba walishakufa.

Kile kidonge cha manjano-kahawia ndani ya kila chumba ni kiini. Kinatunza DNA, yaani maagizo ya kutengeneza protini za seli. Ni Robert Brown aliyekipa jina mwaka 1831, akitazama seli za mimea. Mpwa wangu alilalamika kwamba vingi vimebanwa ukutani ilhali ubaoni kiko katikati. Hicho ndicho kitu cha kuandika! Katikati pamekaliwa na vakuoli, mfuko mkubwa wa maji, sukari na chumvichumvi, nao umeisukuma saitoplazimu pamoja na kiini pembeni. Ukikiona kiini katikati, mara nyingi unakitazama kutokea juu.

Kloroplasti, zinazotumia mwanga kutengeneza sukari, usizitafute humu. Kitunguu hakiwekewi mwanga huko ndani, kingezifanyia nini? Mitokondria zimo, lakini upana wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita au nusu yake, na bila rangi maalumu hadubini ya shule haikuonyeshi. Ribosomu ni ndogo zaidi kwa mbali, zinahitaji hadubini ya elektroni. Kwenye mtihani wa Leta, yaani wa serikali wa kumaliza sekondari, vitaje na kazi zake: mitokondria kutoa nishati kwenye chakula, ribosomu kuunganisha protini. Kwenye mchoro wa ulichokiona, usiviweke.

Hatua ya 6: Kuuona utando kwa chumvi

Utando wa seli, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, umebanwa sana ukutani hata hauonekani. Tunaulazimisha ujitenge. Bandua ngozi mpya, safari hii ya upande wa nje wa tabaka, wenye rangi ya zambarau. Ni lazima iwe mpya: iodini inaua seli, na utando uliokufa hauchagui tena kitu. Kosa hilo lilinila saa moja na kitunguu kizima.

Yeyusha kijiko kidogo cha chumvi kwenye nusu glasi ya maji, upitishe chini ya lamela huku ukitazama. Baada ya dakika chache rangi ya zambarau inaanza kujikusanya katikati ya chumba, na ukuta unabaki pale pale. Maji yametoka kwa osmosi kwenda kwenye chumvi. Fikiria sashe ya maji ndani ya katoni: itoboe, sashe inanywea, katoni haibadiliki. Ukingo wa ile zambarau ndipo ulipo utando. Rudisha maji safi mapema, na seli nyingi zitajaa tena.

Mpwa wangu alirudia hili mara tatu. Chai ilipoa.

Hatua ya 7: Seli ya shavu

Futa ndani ya shavu lako kwa kijiti safi cha pamba, paka kwenye lamu, tone la buluu ya metileni (rangi ya maabara ya kupakia seli), funika. Kila mtu kijiti chake, na kikishatumika kitupwe. Utaona vipande bapa visivyo na umbo maalumu, kiini cha buluu, ukuta hakuna. Ukuzaji wa mara 100 unatosha kuzipata, 400 kuzichora.

Chora kwa penseli, bila kivuli, seli tatu nne zilizopakana, na ukuzaji uandike chini. Kisha osha lamela kwa maji ya sabuni na uzikaushe zikiwa zimesimama. Mimi nilianza mwaka na kumi na mbili, sasa zimebaki saba, na mbili kati ya hizo tano zilizopotea zilivunjwa Jumamosi ile na mtu aliyebonyeza kwa kidole.