Somo: Ukuta umepasuka? Tafuta maji kabla ya kumwita fundi wa plasta

Wadau, habari za kazi. Kila msimu ni yaleyale: ufa unatokea, fundi anakuja na karai lake, anaziba, anapiga rangi, analipwa. Kiangazi kikikolea ufa unarudi palepale. Somo hili ni la wenye nyumba za matofali kwenye mfinyanzi, hasa udongo wa mbuga, ule mweusi unaong'ang'ania buti masika na kupasuka kiangazi. Watu wa Kibaha, baadhi ya maeneo ya Dodoma, Kitengela na Athi River wanaujua vizuri. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na msingi mfupi uliokaa juu yake hupanda na kushuka nao.

Hatua ya 1: Usome ufa

Vinyufa vyembamba vilivyosambaa kwenye plasta tu ni plasta iliyokaushwa na jua bila kumwagiliwa. Ufa wa mlalo uliofuata mkanda wa zege chini ya paa mara nyingi ni kazi ya joto. Hivyo viwili visikunyime usingizi.

Wa kuangalia kwa makini ni ule unaoanzia pembe ya dirisha au mlango, ukashuka kingazingazi kwa kufuata maungio ya tofali, na unaonekana ndani na nje. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, pembe za nyumba zinazama au katikati panainuka. Ukiwa mpana chini, katikati ndiko kulikoshuka. Penseli ya kawaida ina unene wa kama milimita 7. Ikiingia kwenye ufa, hilo si suala la plasta tena. Ukifika milimita 25, toa watu kwenye chumba hicho na umwite mhandisi.

Angalia na milango. Mlango unaokwama masika na kufunguka vizuri kiangazi unaweza kuwa unakueleza kwamba udongo ndio unaocheza.

Hatua ya 2: Upime

Piga alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe palepale ukutani. Rudia kila mwezi, upite masika na kiangazi. Ufa uliosimama hutibiwa tofauti na unaotembea. Watu wengi hawana subira hii, na ndipo hela inapopotea.

Hatua ya 3: Tafuta maji

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Zunguka nyumba mvua ikiwa inanyesha, mwavuli mkononi. Maji ya paa yanaangukia wapi? Pembe iliyopasuka ina dimbwi? Kisha funga mabomba yote ndani na uitazame mita ya maji: kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja chini ya ardhi. Fungua chemba za bafuni na jikoni, mimina ndoo ya maji, uone kama yote yanafika kwenye shimo la majitaka. Chemba iliyopasuka mita moja kutoka ukutani inaweza kulowesha msingi miaka mingi bila mtu kujua.

Hatua ya 4: Chimba kidogo uone

Karibu na pembe yenye shida, chimba shimo la upana usiozidi mita moja, usishuke chini ya kitako cha msingi. Utajua msingi una kina gani na umekalia nini. Usifukue ukuta mzima kwa mpigo; ukuta uliofukuliwa wote unaweza kuporomoka na fundi akiwa chini.

Hatua ya 5: Tengeneza

Anza na maji. Weka mifereji ya paa, rekebisha mabomba, kisha mwaga zege kuzunguka nyumba, upana wa mita 1 hadi 1.2, nailoni chini yake, mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita kwenda nje. Mwanya kati ya zege hilo na ukuta ujazwe lami. Halafu subiri msimu upite. Nyumba nyingi hutulia hapa.

Kama alama bado zinasogea, msingi unahitaji kuteremshwa hadi udongo mgumu. Kazi hii isimamiwe na mhandisi aliyesajiliwa: Tanzania husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), Kenya na Bodi ya Wahandisi (EBK). Ukuta hugawanywa vipande vya mita 1 hadi 1.5. Vikiwa vitano, huchimbwa cha 1 na cha 4, kisha cha 2 na cha 5, cha 3 mwisho. Zege jipya huachwa sentimita 7 hivi chini ya msingi wa zamani. Siku inayofuata au baadaye, mwanya ule hushindiliwa mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga. Ukijazwa zege la majimaji, hunywea na kuacha nafasi.

Ufa wenyewe unazibwa mwisho kabisa: chimbua plasta, ingiza vipande vya nondo nyembamba kwenye maungio vikivuka ufa, funika kwa wavu wa waya, ndipo upige plasta.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, nina mwarobaini mkubwa mita tatu kutoka ukutani. Niukate?*
Usikurupuke. Kwenye mfinyanzi mti mkubwa unafyonza maji; ukiukata ghafla udongo unarudi kuvimba na kuinua nyumba. Punguza matawi kwanza, muulize mhandisi.

*Niko Kitengela, sijaanza kujenga. Nifanyeje?*
Una bahati kuliko sisi. Ondoa udongo mweusi wote mpaka ufike kwenye moramu (udongo mgumu wa changarawe) au mwamba, ujaze mawe na moramu kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe. Ukiwa na kina kirefu mno, mhandisi akuchoree msingi wa aina nyingine.

*Ukuta wangu Unguja hauna ufa, ila rangi inabanduka chini na kuna unga mweupe. Ni msingi?*
Hapana, ni unyevu unaopanda na chumvi yake. Huenda nailoni haikuwekwa kati ya msingi na ukuta.

*Fundi anataka kunijengea nguzo za zege nje ya ukuta zishikilie pembe inayozama. Laki tisa.*
Muulize nguzo hizo zitasimama juu ya nini. Kama ni udongo uleule kwa kina kilekile, zitazama pamoja na pembe, na zikifungwa kwenye ukuta zitauongezea uzito.