Sakafu ya juu inavuja? Usikimbilie saruji

Wenye nyumba za zamani za mawe na chokaa, iwe Mji Mkongwe au Lamu: kama stoo ya chini ina unyevu, usiwahi kupiga saruji kwenye sakafu ya wazi iliyo juu yake. Saruji ni ngumu, haiendani na chokaa. Jua likipiga inapata nyufa nyembamba kama nywele, maji yanaingia, halafu yanakosa pa kutokea. Boriti zinaoza kimyakimya, na juu wewe unaona pakavu.

Mwaga ndoo ya maji uyafuate kwa macho. Yakituama, mteremko umekufa. Tafuta angalau sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea mlizamu, yaani bomba la kutolea maji nje. Kisha chokonoa pale sakafu inapokutana na ukuta, maana mara nyingi mchawi yuko hapo. Bandua lipu iliyolegea, jaza chokaa na mchanga, kona uifanye ya mviringo, ipande ukutani kama sentimita 15. Ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa, kwani chokaa ikikaushwa haraka inakuwa unga. Mlizamu nao utokeze mbali na ukuta, la sivyo maji yatarudi stoo kwa kupitia msingi.