Kumfuatilia sangara kwa tagi ya sauti, kuanzia mwaloni

Vijana wa uvuvi hapa Mwanza huniuliza kwa nini tusitumie setilaiti, kama wanavyofuatiliwa samaki-upanga baharini. Tagi ya aina hiyo, yaani kifaa anachofungwa samaki, hukadiria alipo kwa mwanga wa macheo na machweo, na makadirio huweza kukosea kwa makumi ya kilomita. Bahari ni pana, inavumilia. Ghuba ya Mwanza ina upana wa kilomita chache tu. Kosa kama hilo litamweka sangara wa Nyegezi kwenye mashamba ya pamba kule Magu.

Kwa hiyo tumia tagi ya sauti. Ni kidude chenye betri kinachotoa mlio wa kilohezi 69, ambao sikio la binadamu halisikii, na kila mlio hubeba namba ya samaki wake. Risiva zilizozamishwa ziwani hunasa namba hiyo pamoja na saa.

1. Anzia mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Vibali kamilisha mapema, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wahusishe. Kisha kaa na mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), matajiri wa mitumbwi na wavuvi wenyewe. Waonyeshe risiva, waishike. Waambie tagi haimwonyeshi mtu samaki walipo papo hapo, na kwamba atakayerudisha tagi atalipwa. Kazi hii ikikosa wavuvi haipo, kwa sababu sangara wako wengi wataishia kwenye nyavu zao.

2. Zamisha risiva. Chagua penye mlango mwembamba, mfano kati ya Kigongo na Busisi, uzipange mstari kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kabla ya kuamua umbali kati yake, ning'iniza tagi ya majaribio majini na upime inasikika mpaka wapi, siku ya shwari na siku ya upepo. Mawimbi na injini hufupisha usikivu sana. Boya la juu usiweke. Hunasa nyavu na kuvuta macho. Funga risiva kwenye nanga ya zege, laza kamba ndefu chini, andika GPS, na siku ya kuitoa buruta kulabu uinase kamba.

3. Vua kwa ndoano, maji mafupi. Hapa ndipo samaki wengi hupotea. Bondo la sangara, yaani mfuko wake wa hewa, lile lile linalouzwa ghali, halina njia ya kutolea hewa haraka. Akipandishwa kutoka mita 10, hewa iliyomo hutanuka zaidi ya mara mbili. Ukiona tumbo limejaa au utumbo umetokeza mdomoni, usimwekee tagi.

4. Mpasue kwa upole. Tagi isizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki: ya gramu 10 inataka samaki wa nusu kilo kwenda juu. Mlaze kwa mafuta ya karafuu, miligramu 40 hadi 60 kwa lita ya maji, uliyoyachanganya kwanza na spiriti maana peke yake hayachanganyiki na maji. Akipinduka na kutulia, mweke chali kwenye sponji iliyolowa, mpitishie maji safi kwenye matamvua muda wote. Chana sentimita 2 au 3 katikati ya tumbo, nyuma ya mapezi ya chini. Kata ngozi na nyama tu, usiguse utumbo. Ingiza tagi iliyotakaswa, shona nyuzi mbili au tatu. Mgongoni mchome utepe wa rangi wenye namba ya simu. Usimwachie mpaka asimame wima na kukukimbia mkono.

5. Soma data kwa mashaka. Saa za risiva huteleza, zilinganishe kwanza. Mlio mmoja pekee kwa siku nzima utupe, huenda ni milio miwili iliyogongana. Namba inayosikika risiva moja wiki baada ya wiki, usiku na mchana, yaelekea ni ya samaki aliyekufa au tagi iliyodondoka. Na namba iliyonyamaza ghafla, piga simu mwaloni kabla hujaandika kwamba sangara amehama.