SOMO: Kupima kama mwarobaini unakinga stenlesi dhidi ya asidi

Wakuu, jambo hili naulizwa kila siku. Naliweka hapa nipumzike.

1. Kausha majani kivulini, saga, chemsha kwa maji ya betri (yale safi, SIYO asidi), chuja. Maji hayo ya majani ndiyo "dawa".
2. Asidi ya hidrokloriki ya 37%: mimina ml 83 kwenye maji kiasi, kisha jaza maji hadi lita moja, upate mola 1 (kipimo cha ukali wa asidi). Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, siyo maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani.
3. Vipande vya stenlesi 304: msasa namba 120 hadi 600, asetoni, kausha, pima kwa mizani ya desimali nne.
4. Saa 24: kimoja kwenye asidi tupu, kingine kwenye asidi yenye dawa. Ning'iniza kwa ndoano ya kioo.
5. KUOSHA. Hapa niliumbuka. Nilisuuza tu nikapima, nikapata ufanisi wa 104%, nikampelekea msimamizi kwa mbwembwe. Akaniuliza kama chuma changu kimenenepa. Kweli kilinenepa: ute wa majani ulikuwa umegandia. Sugua kwa mswaki laini ndani ya maji, kisha asetoni, kausha, pima tena. Usitumie msasa, utakwangua chuma chenyewe! Kipande cha tatu ambacho hakikuguswa na asidi kioshe vivyo hivyo. Kikipungua uzito, kosa ni lako.
6. Ufanisi: chukua upungufu wa uzito wa kipande cha asidi tupu, toa wa kile chenye dawa, gawa kwa ule wa kwanza, zidisha 100.

Kiroboto: Waya wa shaba unafaa kuning'inizia?
Jibu: Soma namba 4. Shaba ikigusana na stenlesi ndani ya asidi unakuwa umetengeneza betri.

Binti Maabara: Dawa yangu ina maji. Si inazimua asidi?
Jibu: Swali zuri, dada, nilisahau kuliandika. Kopo la asidi tupu liongezee maji kiasi kile kile, la sivyo utausifia mwarobaini kwa kazi ya maji. Kagua na vishimo kwa lenzi: kloraidi iliyomo kwenye asidi hii hutoboa utando wa kromiamu unaokinga stenlesi, sehemu ndogo ndogo, uzito ukapungua kidogo huku chuma kimetoboka.

Mzee wa Kahawa: Birika langu la stenlesi lina magamba. Nitie dawa ya choo?
Jibu: Hapana mzee wangu! Nyingi zina hidrokloriki hiyo hiyo. Chemsha maji na siki, acha yapoe, suuza.

Kiroboto: Na sufuria ya alumini?
Jibu: Fungua uzi wako.